Ubao wa Bei, Isyonje

Mimi ndiye ninayefuta ubao.
Lori la mbolea likipanda kutoka Uyole
na kusimama likihema ndani ya ukungu,
bosi Tweve hunyoosha kidole, hasemi kitu;
natemea kitambaa mate, nafuta,
naandika upya: ya kupandia, ya kukuzia, yuria.
Ukisogea karibu utaziona tarakimu za zamani
chini ya hizi, kama makovu ya ndui.

Mwaka wa kwanza tulivijua vita vile kwa majina.
Gwamaka, fundi pikipiki, alichora ramani
kwa oili chafu juu ya boksi la vipuri:
mto huku, reli kule, mji uliozingirwa.
Majeshi tuliyapanga kwa mbegu za viazi,
kubwa vifaru, ndogo watoto wa watu,
tukabishana mpaka chai ikapoa.
Mji mmoja ulifika hata kanisani,
ukatajwa kwenye maombi
baina ya mvua na wagonjwa.

Mwaka wa pili ramani iliwashia jiko.

Sasa mtu anaingia, anakung'uta tope, anauliza:
Vimeisha?
Nami, bila kuinua uso: Bado.
Hivyo ndivyo tunavyoulizana habari za mtu
aliyelazwa Rufaa siku nyingi,
ndugu wanapeana zamu shingo upande
na kila mmoja ana neno moyoni asilolisema.
Ananunua kilo mbili, si mfuko.
Zamani kila shimo lilipata kizibo kimoja cha soda.
Msimu huu, nusu kizibo.

Juzi mvua ilitufungia dukani.
Atuganile akasema vitaisha kama kesi yake
na shemeji yake kule Kikondo:
baraza litakata shamba katikati,
kila mtu arudi na nusu ya shamba
na chuki nzima.
Gwamaka akasema vitaisha kwa kukosa vijana;
moto wa nyika hufia barabarani,
si kwamba umeshiba.
Bosi akasema, siku vitakapokosa faida,
akarudi kwenye kikokotoo chake.
Mtoto aliyetumwa dawa ya ukungu akauliza,
Vikiisha, tutajuaje nani kashinda?

Nzowa, aliyekuja kukopa, akacheka vibaya.
Sisi tulishinda, akasema.
Nilirudi kutoka Kagera na redio ya kaseti
na goti hili.
Wakatuambia tufunge mikanda,
miezi kumi na minane tu.
Akapandisha shati.
Mkanda ulikuwa na matundu ya msumari,
moja ndani ya jingine kuelekea mgongoni.
Haya, niandikie kilo tatu, nitalipa nikivuna.

Mimi sikusema langu.
Langu ni hili: viishe tu.
Aliyenyang'anya abaki na alichonyang'anya,
aliyefukuzwa azoee alikofukuziwa,
yuria ishuke.
Nililiwaza hilo nikiwa nimeshika chaki,
na vidole vyangu vilikuwa vyeupe
kama vya mwalimu.

Asubuhi yake, nikifungia mbegu za karoti kwa gazeti,
nikakutana na mwanamke wa huko.
Kitambaa kichwani, mgongo umeinama,
ndoo ya viazi, viazi hivihivi vya mviringo,
na nyuma yake ukuta usio na nyumba.
Jembe amelishika mbali na mwili,
kama anayechimba juu ya kitu kilicholala.
Naye bila shaka kuna anayemuuliza kila siku,
vimeisha?
Nilitaka kuutunza ukurasa ule.
Foleni ilikuwa ndefu.
Nikamfunga pamoja na karoti, shilingi elfu moja,
akaenda Kikondo.

Jioni redio ikasema mazungumzo yameahirishwa.
Mtu akasema, tafuta mpira.

Chaki imebaki kama ukucha.
Nimemwambia bosi aagize nyingine.
Akauliza: boksi zima,
au vipande viwili vitatufikisha?

Sijamjibu.
Nipo mlangoni, natazama barabara ya Uyole,
nasikia lori likibadili gia.